Mgeni Hakufungua Mlango Mwenyewe



Somo la safari hii ni refu kidogo. Kama kikundi chenu hukutana kwa saa moja tu, lisomeni kwa mikutano miwili. Anayesoma vizuri awasomee wengine polepole, na mahali penye swali msimame mzungumze kwanza. Ninyi wa pwani ya ziwa, kutoka Usenge na Asembo mpaka Homa Bay, Sori na Muhuru, huenda mkadhani nimeandika habari zenu. Sivyo. Ila mambo haya yako karibu kila mahali ninapotembea.

Hadithi ya kuanzia

Upande wa Nyatike, Kaunti ya Migori, watu wamechimba dhahabu tangu enzi za wakoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya sitini, lakini mashimo madogo madogo hayakufungwa. Vijana huingia shimoni, kina mama huponda mawe na kuosha, na mchanga uliokwisha kupitishwa katika zebaki hurundikwa kando kama takataka. Kumbe ndani ya mchanga huo bado kuna dhahabu. Mwenye pesa na ujuzi huutia ndani ya matangi pamoja na dawa ya sayanaidi, akatoa dhahabu ambayo mama mwenye karai hawezi kuipata hata akiosha mwaka mzima.

Katika kijiji kimoja cha huko walifika wageni wawili kutoka China pamoja na kijana wetu wa kuwatafsiria. Wakajenga matangi, wakaweka ua wa mabati, wakaanza kununua mchanga. Mwanzoni watu walifurahi. Mchanga uliokuwa haununuliwi sasa una bei! Baada ya miezi michache ng'ombe wa mzee mmoja akafa karibu na ule ua. Jioni hiyo hiyo neno likazunguka: Wachina wametia sumu maji. Kesho yake likaongezeka: hawana kibali, ni wahalifu waliotoroka kwao, dhahabu yetu wanaisafirisha usiku. Siku ya tatu vijana walikuwa mlangoni na petroli.

Wageni hawakuwapo siku ile. Aliyekuwapo ni yule kijana mtafsiri, mtoto wa kijiji cha pili tu, aliyekuwa akilipwa kwa siku. Alipigwa, akavunjwa mkono. Mabati yaling'olewa, na mpaka leo sijui yako kwa nani.

Jaduong' mmoja alifika akipiga kelele watu waache. Walipotulia aliuliza maswali matatu. Ng'ombe amepimwa na nani? Nani ameona kama kibali kipo au hakipo? Na hapa mahali wamejenga, ni shamba la nani? Lile la tatu ndilo lililowanyamazisha watu, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Mahali pale palikuwa pa kikundi. Kikundi kama chenu, chenye cheti, muhuri, mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Ofisa wa mifugo alipokuja alisema ng'ombe alikufa kwa ugonjwa wa kupe. Lakini msifurahi upesi kwamba wageni walikuwa watu wema walioonewa. Kuhusu kibali, karatasi walizoonyesha zilikuwa za kile kikundi, si zao. Jambo hilo lilipelekwa kwa wanaohusika na madini na kwa polisi, na sitaki kuwahukumu hapa kabla ya wenye kazi hiyo.

Nami nina sehemu yangu, niiseme. Nilikuwa nimekitembelea kikundi kile kabla ya fujo. Nilifungua kitabu cha hesabu nikaona mstari mpya: "kodi ya mgeni." Kila mwezi upo. Sikuuliza mgeni ni nani, wala anakodi nini. Niliwaambia hongera kwa kuongeza mapato, nikanywa soda, nikaenda zangu.

Hatia huthibitishwa na nani?

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 50, inasema kila mshtakiwa ana haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Haikusema kila Mkenya mshtakiwa. Ilisema kila mshtakiwa. Tena haki hii haikuanza 2010. Ilikuwamo katika katiba ya zamani pia, na iko katika sheria za nchi nyingi duniani. Kifungu cha 25 kinaiweka haki ya kesi ya haki kati ya zile chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Maana yake katika maisha ya kawaida ni hii. Anayesema "huyu ni mwizi" ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha. Anayeitwa mwizi halazimiki kuonyesha kwamba yeye si mwizi. Anaweza hata kunyamaza, na kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa ni kukubali. Upande wa mashtaka ndio ulete mashahidi, karatasi, vipimo, mpaka hakimu asibaki na shaka ya maana. Shaka ikibaki, mshtakiwa huenda nyumbani.

Watu wengine huniuliza, kwa nini sheria imbebe mshtakiwa namna hiyo? Mimi huwajibu kwa kuwauliza: ukikamatwa leo na kuambiwa uliiba pikipiki mwaka juzi, utathibitishaje kwamba hukuiba? Utaleta shahidi gani wa kusema hakukuona ukiiba? Ni vigumu sana kuthibitisha jambo ambalo halikutendeka. Kwa hiyo mzigo wamepewa wanaodai kwamba limetendeka, na hao wana polisi, magari na ofisi.

Aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku inayofuata ya korti kama saa hizo zimeisha wakati korti imefungwa. Aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Kama haelewi lugha ya korti, apewe mkalimani bila malipo. Mchina asiyejua Kiswahili wala Kiingereza ana haki ya mkalimani kama vile mama kutoka Karungu anayejua Kijaluo tu.

Na mwananchi wa kawaida je? Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu kumkamata anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Hairuhusu kumpiga, wala kuchoma mali, wala kumfunga kamba mpaka aseme ukweli. Anayefanya hivyo amekuwa mhalifu mwenyewe, hata kama aliyemkamata baadaye atapatikana na hatia.

Tusidhani haya ni mambo ya wageni peke yao. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, majirani zetu, watu 11 wengi wao wazee waliuawa kwa moto kwa kuitwa wachawi. Hakukuwa na kesi, hakukuwa na swali hata moja. Orodha ya majina ilitosha. Anayeweza kuchomwa kwa neno la mtu ni mgeni leo, kesho ni nyanya yako.

Ziwa hili limeona mengine

Wazee kati yenu wanakumbuka mwaka 1972. Mwezi wa Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda kwa siku 90. Walishtakiwa wote kwa pamoja, mwenye duka kubwa na fundi cherehani, kwamba wanakamua uchumi, wanaficha bidhaa, wanatorosha pesa. Inawezekana wengine walifanya hivyo. Nani alijua ni yupi? Hakuna aliyepelekwa mbele ya hakimu na kuulizwa mmoja mmoja. Jina la ukoo na rangi ya ngozi vilikuwa ushahidi.

Wakaondoka. Sasa tazameni kilichofuata. Kama wageni ndio waliokuwa chanzo cha biashara haramu, ingekwisha pamoja nao. Badala yake miaka iliyofuata ndiyo ilikuwa miaka ya magendo. Kahawa ya Uganda ilivuka mpaka kwa magunia kuja Kenya, hasa mwaka 1976 na 1977 bei ilipopanda sana duniani. Ilipita Chepkube kule mpakani karibu na Mlima Elgon, na ilipita ziwani kwa mitumbwi. Nani waliivusha? Waganda na Wakenya. Kuna nyumba za mawe katika pande hizi zilizojengwa kwa kahawa hiyo, na wenye nyumba ni watu wa kuheshimiwa.

Amin akaweka kikosi cha kuzuia magendo ziwani. Mkubwa wake, ajabu ya Mungu, alikuwa Mwingereza: Bob Astles. Watu wa ziwa walimwogopa sana. Amin alipoanguka mwaka 1979 Astles alikimbilia Kenya, akakamatwa na kurudishwa Uganda, akashtakiwa kwa kumuua mvuvi. Mwaka 1981 korti haikumwona na hatia katika kesi hiyo, lakini hakuachiliwa. Alibaki kizuizini mpaka 1985.

Najua wengine watasema, alistahili, huyo alikuwa mbaya. Labda. Sina haja ya kumtetea. Lakini angalieni hasara ya njia hiyo kwa watu wa ziwa wenyewe. Kama kulikuwa na makosa mengine aliyoyatenda, basi yangeletwa kortini moja moja, na mashahidi wangesema nani alikuwa naye ndani ya boti, nani alimpa majina ya wavuvi, nani alipewa mali yao. Mtu akifungiwa tu bila kesi, hasemi, wala waliokuwa naye hawatajwi. Mzungu ndiye anabaki katika hadithi, wengine wote wanatoka ndani ya picha.

Nimeirefusha hadithi hii kwa sababu ndiyo kiini cha somo. Haki ya mgeni kuhesabiwa hana hatia si zawadi tunayompa mgeni kwa upole wetu. Ni njia ya sisi kujua yote yaliyotendeka, pamoja na yale yaliyotendwa na watu wetu. Kesi inayosikilizwa vizuri huuliza: kibali kilitiwa sahihi na nani? Nyumba ilikodishwa na nani? Pesa ziliingia simu ya nani? Kelele za barazani haziulizi hayo. Na mara nyingi, nimeona kwa macho yangu, anayepiga kelele zaidi dhidi ya mgeni ni yule anayejua kwamba maswali yakianza yatafika kwake.

Kufukuza si kuhukumu

Siku hizi tumezoea habari ya namna hii: wageni wamekamatwa, wamepandishwa ndege, tunashangilia. Mwezi wa Desemba 2014, baada ya moto katika nyumba moja ya mtaa wa Runda, Nairobi, walikamatwa watu 77 waliosemekana ni Wachina. Ilidaiwa wanatumia mitambo ya simu na kompyuta kuwatapeli watu. Kesi ikaenda. Aprili 2016 korti ya Nairobi iliwaachilia baadhi yao kwa kukosa ushahidi. Siku hizo hizo, badala ya kwenda zao, walipelekwa China kwa nguvu pamoja na wengine waliokamatwa baadaye. Watu 45 kati ya waliopelekwa walikuwa wa Taiwan, na Taiwan ililalamika sana.

Walitapeli? Sijui, na korti yetu ilisema haikuthibitishwa. Swali langu ni lingine. Nyumba ya Runda ina mwenyewe. Laini za simu haziingii ndani ya nyumba kama panya. Kuna aliyekodisha, kuna aliyeunganisha, kuna aliyepitisha mitambo. Watu hao huenda hawakufanya kosa lolote, na wao pia nawahesabu hawana hatia, kwa kipimo kile kile. Lakini mgeni akishapanda ndege, nani atauliza?

Tena Mei 2019 serikali iliamuru wageni 17, wakurugenzi wa kampuni za kubahatisha, wafukuzwe nchini. Serikali ina uwezo wa kisheria kumwondoa mgeni, sikatai. Kuna sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011. Ila kumwondoa mtu nchini na kumthibitishia kosa ni vitu viwili tofauti. Tusivichanganye.

Na Goldenberg, mnaikumbuka? Miaka ya tisini mwanzoni, serikali ililipa mabilioni kwa kampuni iliyodai inauza ng'ambo dhahabu na almasi za Kenya. Watu vijijini walisema "yule Mhindi ametumaliza." Lakini mfanyabiashara yule ni mzaliwa wa Kenya. Hakuwa mgeni, tulimfanya mgeni kwa ajili ya rangi. Na malipo yale yalihitaji fomu, mihuri na sahihi za maofisa wa serikali na za benki. Tume ya Jaji Bosire ilikaa kuanzia 2003 na kuyaeleza mengi hadharani. Kesi za mfanyabiashara huyo zilisimamishwa na Mahakama Kuu mwaka 2013 bila hukumu ya hatia. Sasa katika midomo ya watu limebaki jina moja. Wale wa mihuri wamesahauliwa.

Tuje kwetu: nani alifungua mlango?

Hapa ndipo penye uchungu, kwa hivyo naomba msome polepole.

Chukueni mashine za kamari, zile za kutia sarafu ya shilingi 10 au 20, zilizojaa sokoni na vijijini. Watu huziita za Wachina. Serikali ilipoanza msako mkali mwaka 2018 zilichomwa nyingi mbele ya umati, na umati ukapiga makofi. Lakini mashine haikutembea kutoka China mpaka duka la kona. Kuna mwenye duka aliyekubali iwekwe, umeme utumike, funguo akae nazo, mwisho wa wiki wagawane sarafu. Kuna aliyemwonyesha karatasi ya kaunti ya biashara ya kawaida akasema inatosha, kumbe mashine ya kamari inataka leseni ya kamari. Kuna aliyepita kila mwezi akachukua chai yake ili asione. Na kuna sisi tulionunua sukari katika duka hilo hilo huku watoto wa darasa la tano wamepanga foleni mbele ya mashine, nauli na pesa za unga mkononi.

Katika hao wote, mgeni alionekana kijijini mara ngapi? Kuna mahali ambapo hata siku moja hajaonekana.

Turudi kwenye dhahabu. Sheria ya Madini ya 2016 inasema kibali cha mchimbaji mdogo mdogo ni cha raia wa Kenya. Ilitungwa hivyo ili kumlinda mama wa karai. Sasa mgeni mwenye matangi afanyeje? Anatafuta raia mwenye jina. Na jina zuri kuliko yote ni jina la kikundi, maana kina cheti, kina akaunti ya benki, kina watu ambao chifu anawajua. Anakiambia: mimi nitaleta mashine, ninyi leteni karatasi, nitawalipa kila mwezi. Kikundi kinahesabu. Pesa hizo ni nyingi kuliko michango ya mwaka mzima! Wanakubali. Sitasema ni watu wabaya. Wana karo za watoto.

Lakini jueni mnachokuwa mmekifanya. Ardhi ikiharibika, cheti ni chenu. Kijana akifukiwa shimoni, jina ni lenu. Maji yakipimwa na kukutwa na sumu kweli, anayetafutwa ni mwenye kibali. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 20, inamhesabu anayesaidia kosa, anayeliwezesha au anayemshawishi mwenziwe alitende kuwa ametenda yeye mwenyewe. Si nusu ya kosa. Ni kosa zima.

Hapa kuna jambo ambalo lazima tulitenganishe vizuri, la sivyo tutaanza kuwapiga majirani badala ya wageni. Kusaidia kosa ni kusaidia ukijua. Mama anayewapikia chai wafanyakazi wa matangi hajui habari za vibali, wala si kazi yake kujua. Kijana mtafsiri anayelipwa kwa siku anatafsiri. Mwenye shamba aliyeonyeshwa karatasi ya uongo yenye muhuri amedanganywa kama wengine. Lakini mwenyekiti aliyetia sahihi kwamba mchimbaji ni kikundi huku akijua mchimbaji ni mtu mwingine, huyo hawezi kusema hakujua. Katikati yao kuna wengi, na hao wa katikati ndio wengi wetu. Hatukujua kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu tulijua jibu halitatupendeza. Mimi na ile soda yangu tumo humo.

Kwa hiyo mwenyekiti naye akishtakiwa, asichomewe nyumba. Naye anahesabiwa hana hatia. Kanuni ni moja.

Kabla ya kutia sahihi

Mgeni akija kutaka kukodi shamba, stoo, boti au jina lenu, kaeni kikao cha wanachama wote, si cha maofisa watatu chini ya mwembe. Mwulizeni pasipoti na kibali cha kazi. Vibali vya wageni vina herufi zake: A ni ya madini, G ni ya biashara. Mtu aliyeingia nchini kama mtalii hawezi kuwa mchimbaji wala mwenye duka. Mnaweza kupeleka nakala ofisi ya uhamiaji iliyo karibu, Kisumu ipo, mkauliza kama ni halali. Kuuliza si kumshtaki mtu. Mfanyabiashara halali hatakasirika, na akikasirika mmejifunza kitu.

Mkataba uandikwe, usomwe kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, useme kazi gani itafanywa na takataka zitakwenda wapi. Kumbukeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Madini yaliyo chini ya ardhi ni ya umma, si ya mwenye shamba. Kwa hiyo mnayekodisha shamba hamwezi kumuuzia mtu dhahabu iliyo chini yake, hata mkitia sahihi mara kumi.

Cheti cha kikundi hakikodishwi. Hapo sitaongeza neno.

Na kama biashara imekwisha kuanza na mnaishuku? Andikeni mlichokiona, si mlichokisikia. Tarehe, saa, namba ya gari, mahali. "Tarehe tatu usiku lori lilitoka na mapipa manane" ni jambo la kusaidia. "Watu wanasema ni wezi" halisaidii mtu. Mambo ya maji na sumu yapelekeni NEMA, ya madini kwa ofisa wa madini, ya hongo kwa EACC, ambayo ina ofisi Kisumu. Nendeni wawili au watatu, mwombe namba ya taarifa yenu, muiandike katika kitabu cha kikundi. Mkiogopa kwamba ofisa wa karibu naye anakula humo, nendeni kwa wa juu yake. Nimeona taarifa zikipotea katika ofisi moja na kupata majibu katika nyingine, baada ya miezi minne na safari nyingi za matatu. Ni kazi ya kuchosha. Petroli ni rahisi zaidi, ndiyo maana watu huikimbilia.

Kama ninyi wenyewe mmekwisha kutia sahihi mahali pasipofaa, iteni mkutano wa wanachama mliseme, kisha mtafute ushauri wa wakili kabla ya kwenda kokote. Watu wa msaada wa kisheria wapo Kisumu, na wengine hawatozi ada.

Igizo na maswali

Watu sita watoke mbele. Mmoja awe mgeni, mmoja mwenyekiti wa kikundi, mmoja mweka hazina, mmoja kijana mtafsiri, mmoja mwenye ng'ombe aliyekufa, na mmoja jaduong'. Waigize siku ile ya fujo, lakini safari hii maswali ya jaduong' yaulizwe kabla mtu hajaguswa. Mwacheni kila mmoja ajibu kwa nafsi ya yule anayemwigiza. Mgeni asichekwe kwa namna anavyosema.

Kisha mzungumze:

Katika kijiji chetu, ni mgeni gani tunayemsema vibaya? Ni nini tulichokiona kwa macho, na ni nini tulichoambiwa?

Mweka hazina angefanya nini mwezi wa kwanza alipopokea "kodi ya mgeni"? Mkaguzi je, kama mimi?

Kijana aliyevunjwa mkono amelipwa na nani mpaka leo?

Kama korti ingewaachilia wale wageni wawili, wakarudi kijijini kuchukua vitu vyao, mabati yao yangepatikana?

Fungueni kitabu chenu cha hesabu cha mwaka huu, mbele ya wanachama wote. Je, kuna mstari wowote ambao hakuna aliyewahi kuuliza unatoka wapi?